Kibonge Hapiti Kwenye Tenga

Sogeeni, sogeeni. Hadithi hii ina mabawa.

Nyamizi ana miaka sita. Anaishi Nzega na bibi yake, na Bibi ana kuku mmoja tu wa kienyeji. Anaitwa Kishingo, kwa sababu shingo yake haina hata unyoya mmoja.

Mzee Shija, jirani yao, humcheka kila akipita. "Kuku gani huyu? Kanyolewa na nani?"

Kishingo hajali. Anaatamia mayai yake. Siku ya kwanza, siku ya pili, mpaka siku ya ishirini na moja. Ukinyoosha kidole, anakidonoa.

Kisha, ta! Yai likapasuka. Ta, ta, ta! Vifaranga sita, wazima kabisa.

Kishingo akaita: Ko ko ko, njooni!
Wakajibu: Chi chi chi, tupo!

Nyamizi akafurahi. Halafu akaogopa. Mwaka jana vifaranga walikuwa wanane, na mwewe aliwachukua wote. Hakubaki hata wa dawa. Nyamizi alilia siku tatu.

Safari hii Bibi akaleta tenga la fito. Akamfunika nalo Kishingo, akaweka jiwe juu. Matundu yake ni madogo. Mama hapiti, vifaranga wanapita. Wanatoka kuchakura, wakiitwa wanarudi.

Ko ko ko, njooni!
Chi chi chi, tupo!

Bibi akamwambia Nyamizi awalishe wote sawasawa. Nyamizi akaitikia vizuri sana. Lakini wapi! Alikuwa na kipenzi chake, yule mdogo wa mwisho. Asubuhi alimpa chenga za mchele kwa siri. Jioni akampa tena.

Kifaranga akanenepa, akanenepa, akanenepa. Nyamizi akamwita Kibonge.

Mchana mmoja, Bibi akiwa kisimani, kivuli kikapita uani. Fyuuu. Mwewe!

Ko ko ko, njooni!

Mmoja akapita kwenye tundu. Wawili. Watatu. Wanne. Watano.

Kibonge akaingiza kichwa. Tumbo likagoma. Akatoka, akajaribu tundu jingine. Tumbo likagoma tena.

Moyo wa Nyamizi ukadunda, du du du. Yeye ndiye aliyemnenepesha. Mwewe anashuka!

Nyamizi akakimbia. Akasukuma jiwe, puu! Akainua tenga kwa mikono miwili.

"Toka, Kishingo! Mwanao!"

Kishingo akaruka. Paa, paa, paa! Shingo yake ikawa nyekundu kama pilipili. Akadonoa, akaparura, akapiga kwa mabawa. Manyoya yakatapakaa uani.

Manyoya ya nani? Ya mwewe!

Mwewe akaenda zake, mkia umepungua. Nyamizi akashangilia mpaka sauti ikamkauka.

Mzee Shija alikuwa amesimama njiani, ameona yote. Akavua kofia.

"Huyo si kuku," akasema. "Huyo ni askari."

Bibi aliporudi, Nyamizi akamweleza kila kitu, hata habari za zile chenga. Bibi akamtazama Nyamizi. Akamtazama Kibonge. Akacheka mpaka akakaa chini.

Jioni Kishingo akatandaza mabawa.

Ko ko ko, njooni!
Chi chi chi, tupo!

Wakaingia wote sita. Chini ya bawa la mama, hata Kibonge anaenea.

Ndani, Bibi akamfunika Nyamizi kwa kanga.

"Ko ko ko," Bibi akaita.

Nyamizi alikuwa ameshafumba macho.

"Chi chi chi, Bibi. Nipo."