Majirani wa Kioo Kimoja

Kile kipande cha nta kilitakiwa kiwe kimekwisha kabla ya Ramadhani. Ramadhani ikaingia, ikatoka, watu wakasherehekea Idi yao, na asubuhi ya kwanza ya kurudi kazini Saarah alipokibana kwenye mashine ya kukatia alikikuta kile kile, kinene vile vile, kama mkate ambao hakuna aliyeutia kisu.

Hakushtuka. Mtu wa maabara hashtuki upesi. Kwanza hudhani amekosea yeye.

"Julienne, umeweka kontroli mpya?"

Julienne, Mkongomani wa Bukavu aliyekaa naye meza moja kwa miaka, aliinua kichwa. "Mi sijagusa. Hata mi nilikuwa nataka kukuuliza. Hii kipande haiishake, Saarah. Tunaikata kila siku na iko vile vile."

"Eish, basi tushukuru. Kipande kisichokwisha si bahati?"

"Bahati ya nani?" Julienne aliuliza, na hakucheka.

Kazi yao, katika maabara ile ya Glenwood, Durban, iliyo juu ya duka la miwani, ilikuwa kupaka dawa vinyama vya wagonjwa. Daktari hukata uvimbe wa mtu akauleta. Wao huugandisha ndani ya nta, wakaukata vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu na kuvilaza juu ya kioo. Kisha hutia kingamwili. Kingamwili hiyo inatafuta protini moja tu, ile inayokuwamo ndani ya seli ya binadamu wakati inapojigawa, na ikiipata, kiini cha seli hugeuka kahawia. Seli iliyotulia hubaki buluu. Kahawia ikizidi, maana yake uvimbe unakua mbio, na daktari anajua amwambie nini mgonjwa.

Lakini utajuaje kuwa dawa yenyewe inafanya kazi? Ndiyo maana juu ya kila kioo hulazwa vinyama viwili ubavu kwa ubavu: cha mgonjwa, na kingine ambacho kinajulikana hakika kuwa kina seli zinazojigawa. Hicho cha pili ndicho kontroli. Mafindofindo ya mtoto ndiyo bora kuliko nyama zote kwa kazi hiyo, na mwaka jana maabara nzima ilikuwa inalia kwamba hayapatikani. Wakati huo huo binti yake Saarah, Khairoonisa, aliyekuwa akikoroma usingizini kama trekta, akatolewa mafindofindo yake.

Unaona mwenyewe inakoelekea.

Bibi, yaani mama yake mumewe, aliyeishi nao Sydenham, alikuwa amemwambia mapema: "Mwanangu, kinachotoka kwenye mwili wa mtoto kinarudi udongoni. Niletee nikizike." Bibi ni Mzanzibari wa Durban, wa wale waliozaliwa huku na wazazi wao wakazaliwa huku, na mpaka leo kucha zao hawazitupi ovyo. Saarah akaitikia, ndiyo Mama. Kisha mafindofindo akayapeleka kazini ndani ya chupa ya formalini, ile dawa ya kuhifadhia nyama isioze, yakagandishwa ndani ya nta yawe kontroli, na jioni akamkabidhi Bibi kitambaa cheupe chenye vipande viwili vya firigisi ya kuku. Bibi akavizika nyuma ya nyumba, akavisomea, akalitaja jina la mtoto. Saarah alisimama pembeni ameinamisha kichwa, anauma mdomo asicheke. Njia ya mwongo fupi, husema watu, ila yake ilichukua mwaka mzima kufika mwisho.

Ilifikia kwenye kucha. Kila Ijumaa Bibi humkata Khairoo kucha, na Ijumaa ile ya baada ya Idi alimshika mtoto mkono, akaugeuza, akaugeuza tena.

"Saarah, unamkata wewe siku hizi?"

"Hapana, Mama."

"Basi hazijaota. Tangu lini sijui. Mkasi wangu nauzungusha bure."

Wakaanza kumtazama mtoto kwa macho mengine. Goti alilochubuka shuleni halikutunga usaha wala halikufunga. Kila asubuhi lilikuwa bichi kama limechubuka sasa hivi. Pengo la jino lilibaki pengo. Daktari akampima damu, akasema mtoto mzima kabisa. Ni kweli alicheza na kula, lakini hakuna kilichoongezeka mwilini mwake. Hata tumbili, wale wezi wasioogopa fimbo ya mtu, waliacha kuja dirishani kuiba mkate. Walikaa ukutani mwa jirani, wametazama nyumba, kimya.

Kisha siku moja jua likizama, Khairoo akiwa amesinzia kwenye kochi na Saarah yuko jikoni anakaanga sambusa, ikasikika krr, krr, krr, ile sauti ya gurudumu la mashine yake ya kazini, sauti anayoijua kuliko mlio wa mlango wake mwenyewe, akazima jiko akidhani ni mafuta, sauti ikaendelea, akaifuata polepole kupita mlango, kupita meza, harufu ya nta ya moto ikimjaa puani katika nyumba ambayo haikuwashwa hata mshumaa, mpaka akafika kwenye kochi na kuinama na kuona kwamba inatoka kooni mwa mtoto, pale pale palipokatwa, na kwamba kila ikilia, midomo ya mtoto inatabasamu.

"Khairoo," alinong'ona.

Mtoto hakufumbua macho. "Kesho utanikata tena?" akauliza, kwa sauti ya mtu mzima, nzito na ya upole. "Usichelewe. Leo ulichelewa."

Saarah hakulala. Asubuhi alifika kazini kabla ya wote, akakata kipande kimoja, akakitia dawa, akakiweka chini ya hadubini karibu na cha jana yake. Nyama iliyolowekwa formalini imekufa. Seli iliyokuwa inajigawa hubaki katikati ya kujigawa milele. Hizi hazikubaki. Zilizokuwa zimeshikana jana, leo zimeachana, na pembeni palipokuwa buluu pamekuwa kahawia. Chumba kilinuka udi.

Julienne alimkuta analia, na Saarah akamwambia yote.

"Mais Saarah." Kifaransa kilimtoka Julienne, akashika kifua. "Ni ya mtoto wako? Kila siku tunamkata mtoto wako?"

"Nilidhani ni nyama tu."

"Tuiyeyushe hii kitu. Sasa hivi." Na kabla ya kuzuiwa, akakitumbukiza kipande kwenye chungu cha kuyeyushia nta.

Simu ya Saarah ikalia. Alikuwa Bibi, na nyuma yake mtoto anapiga mayowe. "Saarah, anaungua! Hana homa, hajagusa kitu, anasema anaungua!" Saarah aliingiza mkono mtupu ndani ya nta ya moto, akakitoa. Mayowe yakakatika simuni. Kipande kilikuwa hakijalainika hata pembe moja.

Mchana ule alimwambia Bibi habari ya firigisi. Bibi aliketi, mikono mapajani.

"Nilisomea kuku," alisema. Hakugomba. Alijifunga kanga na kumpigia simu Maalim Pandu.

Maalim Pandu hutengeneza mafriji kule Queensburgh, na majini huyashughulikia pale tu ndugu wanapomsumbua. Alifika baada ya Alasiri, amekunja uso, mikono bado ina grisi. Alikiweka kipande kiganjani, akasikiliza maelezo ya Saarah kama anavyosikiliza habari za friji lisilogandisha.

"Kwa hiyo kila siku mnaiita hii nyama. Hiyo dawa yenu inauliza, nani anakua hapa, na nyama inajibu."

"Ndiyo, Maalim. Namna hiyo."

"Maiti akiitwa haitiki. Sasa anayeitika nani? Nyumba ina jina la mtu, mwenyewe hayumo, haikuzikwa, na kila asubuhi watu wanabisha hodi. Hata mimi ningeingia." Alifuta mikono. "Na ili aendelee kuitika, anachota kukua kwa mwenye nyama. Akimaliza kukua, atachota kilichobaki."

Walichimba shimo nyuma ya nyumba. Khairoo akalazwa juu ya mkeka ukumbini, udi ukafukizwa, Maalim akaanza kusoma. Kule kooni krr ikaanza, taratibu, kisha kwa kasi, na ile sauti ya upole ikasema:

"Nitoke niende wapi?"

"Ulikotoka," Maalim alisema.

"Nilikotoka haniiti mtu. Hapa nina majirani. Kila kioo nimelala na jirani mpya. Wengine wazee. Wengine wana watoto. Nipeni ruhusa nikae kwao, huyu nimwache leo hii."

Maalim alimgeukia Saarah. "Majirani gani?"

Saarah aliwajua. Si kwa nyuso, kwani maabara haioni nyuso, lakini aliwalaza kwa mikono yake: titi la mama fulani, utumbo wa mzee fulani, baka la shingo ya kijana, kila mmoja ubavuni mwa mwanawe, mwaka mzima.

"Usimpe ruhusa," Maalim alinong'ona. "Wewe ndiye uliyemfungulia, neno lako ndilo analolitaka. Mimi nitasoma usiku, nitasoma kesho na kesho kutwa, mpaka atoke hivi hivi, hana pa kwenda. Itamuumiza mtoto, lakini atatoka inshallah."

"Inshallah," alisema Saarah, na akatazama, na goti la mtoto likafunguka na damu ikatiririka mkekani, kucha ndogo zikaanza kurudi ndani ya vidole kama konokono anavyorudi kombeni, mashavu yakabonyea, krr ile ikakaza mpaka vikombe vikatetemeka kabatini, na Bibi akalia "ya Rabbi, ya Rabbi" amejishika kichwa, na Maalim anasoma anatokwa jasho na sauti yake inamkauka, na Khairoo, Khairoo mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe ndogo, akaita "Mama" mara moja tu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Saarah aliinama mpaka sikioni mwa mtoto.

"Nenda kwao," alisema.

Krr ikakatika.

"Ahsante," sauti ikasema. "Lakini wakinifukuza huko, nitarudi kwa niliyemzoea."

Udi ukazimika wenyewe. Maalim Pandu aliacha kusoma. "Umesema nini wewe mwanamke?" aliuliza, na Saarah akamkumbatia mwanawe. Wakazika kipande kabla ya Isha. Maalim aliondoka hakuaga, hata chai ya Bibi hakuigusa.

Goti lilifunga katika siku chache. Ijumaa Bibi akakata kucha kumi za mikono na kumi za miguu, akazizika zote, machozi yanamtoka. Na siku moja asubuhi Khairoo alikaa kitini anavuta mguu, amenuna.

"Viatu vinanibana, Mama."

Saarah alipiga magoti akambusu miguu, mtoto akacheka, akadhani mama amekuwa chizi. Alikwenda kazini siku ile anaimba ndani ya teksi.

Julienne alikuwa anamngoja mlangoni. Kontroli mpya, ya mtu wasiyemjua, ilikuwa imefanya kazi vizuri. Haikuwa hiyo iliyomtoa rangi usoni.

"Saarah, kuja uone."

Chini ya hadubini palikuwa na baka la shingo, baka tu, la aina isiyodhuru mtu. Lilikuwa kahawia kutoka ukingo hadi ukingo, hakuna seli moja iliyotulia. Julienne akaweka kioo kingine, kisha kingine.

"Docteur alisema nikate tena zile nyama za mwezi wenye kupita, zenye zilikuwa safi. Zote ziko hivi. Anasema chupa ya dawa imeharibika. Nimefungua mpya, iko vile vile." Alishusha sauti. "Na asubuhi mama moja wa Overport amepiga simu. Kidonda yake ya operesheni ilikuwa imepona. Sasa anasema kunaota kitu. Kila siku kinaongezeka."

Saarah aliendelea kutazama kwenye hadubini ingawa hakuwa anaona kitu tena. Aliona aibu, kweli aliona. Na chini ya aibu ile furaha yake ilikuwa bado ipo, nzima, haikupungua hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha.

"Saarah, tafadhali. Yule maalim yako mwenye ulinielezea. Anaweza kuja hapa awasomee? Mi mwenyewe nitaenda kumchukua."

Saarah alivaa glavu zake, kidole kimoja kimoja, na masikioni mwake ile sauti ya upole ikasema tena: nitarudi kwa niliyemzoea.

"Maalim amehama," alisema, akavuta kioo kinachofuata.