Folda ya Vipimo

Wakati wa likizo, kila asubuhi Chapuchapu alifuatana na mama yake kazini. Jina hilo alipewa na bibi yake, maana mtoto huyo hata kuoga alioga kama anayekimbizwa. Mama alikuwa karani katika karakana ya miguu ya bandia. Ofisi yake ilikuwa ghorofani, na mafundi walifanya kazi chini, kwenye vumbi la plasta na harufu ya gundi. Hospitali zilituma vipimo vya wagonjwa kwa barua pepe, vikaingia kwenye sanduku la pamoja, ndani ya folda iliyoitwa Vipimo. Mama aliisoma juu, mafundi waliisoma chini.

"Natoka kidogo," mama alisema siku hiyo. "Kompyuta usiiguse, mwanangu."

"Sawa, mama."

Mlango haujafungika vizuri, Chapuchapu alishakalia kiti cha mama. Alitaka tu kuona barua ngapi zimeingia. Akabonyeza kipanya, mkono ukateleza, na folda ya Vipimo ikaruka juu na kutoweka. Moyo ukampiga paa! Aliitafuta, hakuiona. Akarudi mbio kwenye kiti cha wageni, akafungua kitabu chake.

Haikupita nusu saa, mama akiwa ameshareudi mezani pake, fundi mkuu akapanda ngazi akihema.

"Dada, folda ya Vipimo iko wapi? Chini hatuoni kitu!"

Mama alitazama kompyuta yake, akatoa macho. "Hata kwangu haipo!"

"Mwenye ruhusa ya kuhamisha na kufuta folda ni wewe peke yako. Meneja anataka maelezo ya maandishi kabla ya saa sita."

Mama alivuta karatasi, akaandika mstari mmoja, akaufuta. Chapuchapu aliinamia kitabu, lakini hakusoma hata neno moja. Je, mama akifukuzwa kazi?

Mtaalamu wa kompyuta aliitwa, akaja na kompyuta yake. Alikagua nywila, akakagua ruhusa za mafundi, akapekua barua zilizofutwa. Folda haikuwepo. Alijifuta jasho.

"Huenda seva imekorofisha," alisema. "Nitarudisha nakala ya jana. Kila kitu kitakuwa kama kilivyokuwa jana jioni."

"Na barua za leo asubuhi?" mama aliuliza.

"Hizo zitapotea."

Fundi mkuu alishika kichwa. "Leo vimekuja vipimo vya yule binti aliyerefuka, ule mguu wa zamani ukawa mfupi kwake! Amesafiri siku nzima kwenda kupimwa, na shule zinafunguliwa wiki ijayo. Tumwambie arudi tena?"

"Nifanyeje, kaka?" mtaalamu alijibu, akaweka vidole kwenye kibodi.

Chapuchapu alimwaza binti yule akichechemea kuingia darasani. Aliogopa hasira ya mama, lakini sasa kunyamaza kulimtisha zaidi.

"Usibonyeze!" alipaza sauti, akaangua kilio. "Ni mimi! Nilishika kipanya, folda ikaruka juu!"

Wote wakamgeukia. Mtaalamu hakufoka. "Iliruka juu kiasi gani, binti yangu? Nionyeshe."

Kwenye kompyuta ya mama, Chapuchapu alionyesha folda iliyokuwa juu ya mahali pa Vipimo, yenye siri za wafanyakazi. Mama peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuifungua. Aliifungua. Vipimo ilikuwa humo ndani, imetulia, na barua zote za asubuhi.

"Ndiyo maana sikuiona," mtaalamu alisema. "Folda ikiingia ndani ya nyingine iliyofungwa, asiye na ruhusa ya kuingia haioni tena, na mwenye ruhusa haioni mpaka aifungue hiyo ya nje." Aliirudisha mahali pake. Baada ya dakika chache, kelele za furaha zikasikika kutoka chini, na fundi mkuu akashuka kuanza mguu wa binti yule.

Mtaalamu alimgeukia Chapuchapu. "Kosa lako lilikuwa dogo. Kila dakika uliyonyamaza lilikuwa linakua. Ungesema mapema, mama yako asingetiliwa shaka. Hata hivyo umesema, na umetuokoa. Ukikosea, sema hapo hapo."

"Nisamehe, mama."

Mama alimfuta machozi, kisha akamsogezea karatasi na kalamu. "Nimekusamehe. Lakini maelezo ya meneja utayaandika wewe, yote, tangu nilipokukataza. Na leo, mwanangu, andika polepole."

Chapuchapu akashika kalamu, akaanza: *Ni mimi.*