Kitabu cha Nambozo na Kadi za Maktaba

Vita vilikuwa vimekwisha, lakini viwanda vingi vya Jinja, nchini Uganda, vilikuwa bado vimefungwa. Watu wa mtaa wa Walukuba waliokuwa wafanyakazi wa viwandani sasa walichuuza muhogo na nyanya mbele ya nyumba zao. Nambozo alikaa hapo, katika chumba cha Mama Sulait, mfanyabiashara wa karanga. Kila asubuhi walichambua karanga pamoja. Mama Sulait alizungumza, Nambozo alisikiliza.

Nambozo alikuwa na haya. Mtu mzima akimsalimu, alijibu huku akitazama vidole vya miguu yake. Shule aliiacha darasa la tano, vita vilipoifunga shule ya kwao Busiu, karibu na Mbale. Lakini akiwa na watoto, ulimi wake ulifunguka. Jioni walijaa uani kumsikiliza.

Hadithi waliyoipenda zaidi ilihusu msichana aliyeishi kando ya mto. Msichana huyo aliona maji yanapita mchana na usiku bila kupumzika. Basi akataka kujua, mto unalala wapi? Alimuuliza mvuvi. Alimuuliza korongo. Aliliuliza hata daraja.

Milly, mfanyakazi wa maktaba, aliisikia hadithi hiyo alipokuja kununua karanga. Akamwomba Nambozo aiandike. Aliiandika kwa Kiswahili, kwa sababu Walukuba ina watu wa kila kabila. Mwaka uliofuata kikatoka kitabu chembamba chenye picha, *Mto Unalala Wapi?* Kwenye jalada palikuwa na mto na msichana mwenye jerikeni. Jina la mwandishi halikuwepo. Nambozo mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo. Milly alipomuuliza sababu, alisema watoto hawali jina, wanataka hadithi.

Jumamosi moja Milly alimwita maktabani awasomee watoto. Alimfundisha kukishika kitabu kwa upande, ili watoto waone picha wakati yeye anasoma. Alimwambia asisome mbio. Akifika kwenye picha, asimame na kuwauliza wanaona nini. Na ukurasa wa mwisho asiusome. Atakayetaka kujua mto unalala wapi, aazime kitabu aende nacho nyumbani.

Usomaji ulikwenda vizuri. Watoto walisogea mpaka wakakanyagana. Kisha Milly akaweka meza, kadi na kalamu. Akasema kila anayetaka kuazima kitabu ataje jina lake na mahali anapokaa.

Watoto wakarudi nyuma. Mvulana mmoja alisema anaitwa Mutwalibu. Dada yake akaangua kicheko, kwa kuwa Mutwalibu lilikuwa jina la mwenye duka, jirani yao. Mwingine alipoulizwa anakaa wapi, alinyoosha kidole dirishani na kusema, kule. Mmoja mmoja wakatoka. Vitabu vikabaki mezani.

Wiki iliyofuata Milly na Nambozo walikwenda katika duka la vitabu mjini. Desturi ya huko ni kwamba mwandishi huandika jina la mnunuzi ndani ya kitabu. Baba mmoja alimnunulia mwanawe. Nambozo, macho chini, alimuuliza amwandikie nani. Yule baba akakivuta kitabu upesi.

“Andika ni cha mtoto,” alisema. “Watoto ni wengi.”

Milly hakuelewa. Alidhani labda watu hawapendi kusoma. Nambozo alielewa, lakini hakusema. Mama Sulait ndiye aliyesema, siku Milly alipokuja tena kwa karanga.

“Wewe miaka ile ulikuwa Nairobi,” alimwambia. “Hapa mtu mwenye kalamu alitisha kuliko mwenye bunduki. Mwenye bunduki alitaka saa yako. Mwenye kalamu alikutaka wewe.” Akapepeta karanga kidogo. “Mimi niliwapa jina la mbuzi wangu. Nadhani mpaka leo wanamtafuta.”

Milly alicheka, kisha akaona Nambozo hacheki.

Nambozo alikuwa na kaka yake, Masaba. Miaka ya bunduki, walisimamishwa kwenye kizuizi cha barabara karibu na Busiu. Mtu mwenye kalamu aliuliza majina. Masaba, kwa kuwa alifunzwa adabu, alitaja jina lake lote, na la baba, na la kijiji. Baada ya siku chache watu walimfuata nyumbani kwa jina hilo. Hakurudi. Tangu hapo Nambozo hakupenda kuona jina la mtu wao likiwa juu ya karatasi.

Hayo hakumsimulia Milly siku ile. Alisema tu kwamba kichwa kinamuuma.

Safari iliyofuata ilikuwa Mbale. Maktaba ya huko, ambayo Milly aliisimamia pia, ilikuwa imepokea sanduku la vitabu vya watoto. Milly alieleza kwamba sanduku hilo limeletwa kwa majaribio. Watoto wakijiandikisha, litabaki. Wasipojiandikisha, litarudishwa Kampala.

“Watoto wa kwenu,” Milly alimwambia. “Itakuwa hasara litoke bila hata kitabu kimoja kufunguliwa.”

Nambozo hakulala vizuri tangu aliposikia hayo.

Mbale, chumba kilijaa. Wengine walitoka mbali, hata Busiu. Mama Sulait alikuwa amemshauri asianze na Kiswahili, maana kilikuwa lugha ya jeshi, na wapo ambao wakikisikia hukumbuka askari. Kwa hiyo aliwaamkia kwa lugha ya kwao, “Mulembe,” yaani amani. Watoto wakaitikia kwa sauti moja. Ndipo akafungua kitabu.

Maswali yalikuja kabla hajamaliza ukurasa wa pili. Mto una mgongo? Ukitaka kugeuka, unageukaje? Msichana mmoja wa mbele, jina lake Khainza, alifikiri sana, kisha akauliza, “Mto ukifika kwenye kizuizi, unasimamishwa?”

Watu wazima waliosimama nyuma walitazamana. Nambozo naye alifikiri.

“Nyinyi mnaonaje?” aliuliza.

“Hausimamishwi,” alijibu mtoto mwingine. “Hauna mifuko.”

Chumba chote kikacheka, na watu wazima pia. Nambozo akajikuta anacheka akiwatazama usoni. Akasoma mpaka ukurasa wa kabla ya mwisho, akafunga kitabu. Watoto wakalalamika. Khainza alikuwa wa kwanza kufika mezani.

Lakini mama yake alimfuata. Aliitwa Nabifo, na aliuza ndizi Busiu. Alimshika Khainza mkono. Akasema kwa Kiswahili cha sokoni, ili Milly naye asikie.

“Jina ya mtoto yangu haiandikwi.”

Milly alimweleza kwa upole kwamba ni kadi ya kitabu tu. Nabifo hakumtazama. Alikuwa amekichukua kile kitabu. Alikigeuza mbele, akakigeuza nyuma, kisha akamkabili Nambozo. Hakujua kusoma, lakini alijua jina la mtu hukaa wapi kwenye kitabu.

“Na wewe, dada? Jina yako iko wapi hapa?”

Nambozo alitazama vidole vya miguu yake.

“Haiko,” alisema Nabifo. “Wewe umejificha, unataka mtoto yangu atoke nje peke yake.”

Wazazi wengine walianza kuwavuta watoto wao. Nambozo aliona sanduku la vitabu pembeni, na kifuniko chake kikiwa wazi. Aliona pia kwamba mama huyu amesema kweli.

Ndipo akasimulia habari za Masaba. Alisimulia kwa sauti ndogo, ikabidi watu wasogee. Alipomaliza, alimgeukia Milly. Akamuuliza yale ambayo hakuwahi kuthubutu kuyauliza. Kadi hizi zinakwenda wapi? Nani anazisoma?

Milly hakuudhika. Alivuta droo ya meza, akaleta kisanduku cha kadi katikati ya chumba, watu wakaona ndani. Alisoma kadi moja tupu kwa sauti, mstari kwa mstari. Ilikuwa na nafasi ya jina la msomaji, kijiji chake, jina la kitabu, na siku ya kukirudisha. Haikuuliza kabila wala dini, wala kazi ya baba. Alieleza kwamba kadi inakaa maktabani, haipelekwi kwingine. Kazi yake ni kukumbuka kitabu kiko kwa nani, ili mtoto mwingine naye akipate. Na mtu akitaka kuacha, akirudisha kitabu, atapewa kadi yake mkononi aichane mwenyewe.

“Na askari akija kuuliza majina?” alisema mzee mmoja, Yekosofati.

“Nitamwambia achague kitabu,” alijibu Milly, “na yeye ajiandikishe kama wengine.” Kisha akaacha mzaha. “Mzee, mimi siwezi kuahidi juu ya bunduki. Ninaahidi kwamba mimi sitampa mtu kadi ya mwenzake. Na nyinyi mkija siku yoyote, mnaweza kuomba kuona kadi zenu.”

Nambozo alichukua kalamu. Herufi ya kwanza ilitoka imepinda. Aliandika jina lake kwenye jalada, chini ya picha ya msichana: Nambozo wa Busiu. Akachukua nakala ya pili, akaandika. Kisha akajaza kadi ya kwanza kwa jina lake mwenyewe, akaiweka juu ya meza ambapo kila mtu angeiona.

Nabifo aliitazama ile kadi. Akauachia mkono wa Khainza.

“Wewe andika mwenyewe,” alimwambia. “Mtu mwingine asikuandikie.”

Khainza alipiga magoti kwenye kiti, akaandika polepole ulimi ukiwa nje. Nyuma yake mstari ukaanza. Watoto walioweza kuandika waliandika wenyewe. Wasioweza walitaja majina, Milly akaandika, na akawasomea tena kabla ya kuweka kadi.

Sanduku halikurudi Kampala. Mwezi uliofuata Nambozo alialikwa tena. Alikuta vitabu vingi havipo rafuni, kwa sababu vilikuwa majumbani. Vilivyorudishwa vilikuwa na vumbi la vijijini, na vilikuwa vizima. Watoto walikuja na maswali mapya. Walisema sasa wanajua mto unalala ziwani, ila ziwa nalo linalala wapi? Nambozo alikiri kwamba hajui. Akawaambia watafute pamoja, akawaelekeza kwenye kitabu cha mito na maziwa.

Mchana Nabifo alifika, kikapu kichwani. Nambozo alidhani amemfuata Khainza. Lakini Nabifo alitua kikapu, akajipanga kwenye mstari pamoja na watoto mpaka zamu yake ikafika. Alimwambia Milly kwamba anataka kitabu cha kilimo cha ndizi.

“Tukiandike kwenye kadi ya Khainza?” aliuliza Milly.

“Hapana. Yeye atanisomea. Kitabu kiwe juu yangu.”

Milly alitoa kadi mpya. Akamuuliza jina kwa sauti ya chini, kama walivyozoea kuulizana watu wa huko.

Nabifo alisimama wima. Akalitaja jina lake, na la baba yake, na la kijiji chake, kwa sauti iliyofika mpaka kwa watu waliokuwa wakipita barabarani.