Plagi Iliyopewa Jina la Marehemu

Jagi la umeme lilikuwa linachemka, na hakuna aliyeliwasha.

Gloria alilikuta jikoni likikoroma, maji yamekauka, kitako kimeungua. Akasonya. Tangu mumewe afunge zile plagi janja, unazowasha na kuzima kwa simu, simu nayo ikakuonyesha kila kifaa kinakula umeme kiasi gani, nyumba yao pale Bariadi haikuwa na amani.

"Dastan! Wewe na simu yako mtaniunguzia nyumba!"

"Sijagusa kitu, mama Nancy. Angalia mwenyewe."

Kwenye kioo cha simu kulikuwa kumeandikwa: *Nyanjige imewaka.*

Nyanjige alikuwa mama yake Dastan, marehemu. Siku ya kufunga plagi, simu ilitaka kila moja ipewe jina, na Gloria kwa utani akaipa ya jagi jina la mkwewe, kwa vile bibi yule hakuchoka kudai maji ya moto. Wakacheka. Mungu atusamehe, ulimi hauna mfupa. Jina hilo ukoo ulitaka apewe mtoto, maana ndivyo Wasukuma wanavyomkaribisha tena aliyetangulia. Gloria alikataa. Mambo ya kizamani, alisema, akamwita binti yake Nancy.

Dastan alifuta jina, likarudi. Wakaichomoa plagi, friji ikaanza kujizima, maziwa yakachacha. Gloria alimwaga sufuria nzima huku analia kwa hasira. Halafu ikaja harufu ya ugolo, ule wa marehemu, na humo ndani hakuna anayenusa ugolo. Na Nancy akakataa ziwa.

Ndipo shangazi yake Dastan, Monika, akaja kutoka Zagayu. Alisimama mlangoni, hata salamu hakuimaliza.

"Mwadila... Nani ananusa ugolo humu?"

"Hakuna, shangazi," Gloria alinong'ona, akamweleza yote.

"Yaani mmemwita mama yenu, halafu mkamkalisha kwenye jagi?" Sauti ya shangazi ilishuka. "Mpeni mtoto jina lake, aje kwa heshima. Msipompa, atajichukulia."

"Mwanangu si kiti cha mtu!"

Gloria alimwita katekista Januarius. Akasali, akanyunyiza maji ya baraka kila kona. Gloria alipiga magoti, akaungama ule utani wake mbele ya wote. Kiburi chake hakukiungama. Plagi zote zikang'olewa, zikarundikwa mezani, na harufu ikakatika kama imefagiliwa. Jioni Nancy alinyonya mpaka akasinzia. Gloria alimshukuru Mungu kwa sauti.

Simu ikatetemeka.

*Nyanjige imewaka.*

Alitazama mezani, na pale kwenye rundo la plagi zisizochomekwa popote, taa ndogo ya mojawapo ilikuwa inawaka na kufifia, inawaka na kufifia, na kwenye kioo cha simu ile namba ya umeme unaotumika ikawa inapanda na kushuka vilevile, taratibu, bila haraka, naye akaifuata kwa macho huku midomo yake ikitafuta sala na kuikosa, mpaka mkono wake uliokuwa kifuani kwa mtoto ukamwambia kile ambacho macho yalikuwa yanakataa: namba ilipanda Nancy alipovuta pumzi, ikashuka alipoitoa.

"Nancy," aliita kwa kunong'ona. "Nancy, mwanangu."

Mtoto hakugeuka.

Gloria akamwinamia. "Nyanjige?"

Mtoto akafumbua macho, akakohoa kikohozi kikavu cha kizee, akageuza kichwa kulitazama jagi.