Hodi Kutoka Kwenye Kompyuta

Kompyuta ilianza kwa adabu, na hapo ndipo ilipowapata. Mchana mmoja mjane yuko jikoni anamenya viazi, mama mkwe wake kakaa sebuleni na macho yake yasiyoona vizuri, spika zikasema taratibu, "Hodi." Bibi wa watu, mtu wa malezi, hajawahi kuacha hodi ikakosa jibu.

"Karibu, mwanangu," akasema.

Tangu hapo nyumba ikawa jela. Mlango wa mbele, ambao ndio pekee, ukawa haufunguki mpaka usukumwe kwa bega. Sebule ikanuka nywele zilizoungua. Mshale kwenye kioo cha kompyuta ukawa unatembea wenyewe, unafungua sauti ambazo marehemu mume wa yule mjane alimtumia akiwa safarini: "Chiriku wangu, umekula?" Chiriku! Hakuna mwingine aliyemwita hivyo, na ni kwa sababu ya mdomo wake usiojua kupumzika.

Fundi wa kompyuta alipoitwa alicheka. "Ni virusi tu, dada. Jini gani ana bando?"

Akachomoa waya wa intaneti, akaiwasha mashine kwa flashi yake safi, akaanza kukagua. Kila alichofuta kilirudi. Akachomoa na plagi ukutani. Feni ya mashine ikaendelea kuzunguka, ikivuta pumzi na kuitoa. Kicheko kikamkauka.

"Dawa ni moja," akanong'ona. "Tufute diski nzima."

"Na sauti zake?"

"Ndimo kilimojificha, dada. Ukibakiza moja, umekibakiza chote."

Mjane akalia waziwazi. Zile sauti ndizo zilizomlaza usingizi tangu azike. Lakini akamtazama bibi, aliyekonda siku hizi kwa kutokula, akasema, "Futa."

Fundi akarudisha plagi, akafuta, na muda wote huo spika zikawa zinaguna, kisha zinaomba, kisha zinalia kama mtoto mchanga, mpaka feni ikanyamaza, mlango ukajifungua wenyewe na kujibamiza, na ile harufu ikakatika.

"Kimetoka," fundi akasema, jasho linamtiririka. "Ila kiliingia kwa kukaribishwa. Kikibisha tena, asijibu mtu!"

"Mama, umesikia?" mjane akafoka. "Adabu zako leo ziweke kabatini."

"Nimesikia. Mimi si mtoto."

Fundi akabeba mkoba wake, akashika kitasa. Hakikuzunguka. Akasukuma kwa bega, akasukuma tena, wapi! Ndipo wakasikia kutoka nje, karibu kabisa na ubao, mtu anagonga.

"Hodi."

Haikuwa sauti ya spika. Ilikuwa na ule mkwaruzo wa marehemu wa asubuhi, kabla hajanywa maji. Mjane akamrukia bibi, akamziba mdomo kwa viganja viwili, na bibi akawa anatikisa kichwa kwamba hasemi, hatasema, machozi yake yakilowesha vidole vya mkwewe, huku harufu ya nywele ikipenya chini ya mlango na fundi akirudi nyuma mpaka ukuta ukamzuia, maana hapakuwa na pengine pa kwenda.

"Chiriku wangu, umekula?"

Bibi alitunza ahadi yake. Hakutoa hata mguno.

"Bado, mume wangu," mjane akajibu, mikono yake ingali kwenye mdomo wa bibi. "Karibu ndani."