Kengele Iliyozibwa Nyasi

Rafiki yangu Shuriye ni fundi wa taa na spika hapa Isiolo, na siku hizi haingii nyumba iliyofungwa mapazia.

Kazi iliyomfikisha hapo ilikuwa mtaa wa Kiwanjani, kwa Hamdia, ambaye mumewe Galgalo aliuawa na wezi wa mifugo kule Gotu. Hamdia alitaka sebule iwe kama zizini jioni, taa hafifu za rangi ya makaa na mlio wa kengele ya ngamia kutoka kila pembe. Akampa kengele ya mti ya marehemu airekodi. Ilikuwa imezibwa nyasi isilie, vile wachungaji hufanya wakipita penye hatari. Shuriye akazing'oa ili apate sauti safi.

Saa saba mchana akafunga mapazia, akapunguza taa, akawasha spika. Kengele ikalia, ko, ko, ko, ikizunguka chumba. Hamdia akatabasamu. Halafu bunduki zikalia, na mtu akakoroma kama mnyama anayechinjwa.

"Zima, Shuriye."

"Mama, hiyo mimi sikurekodi."

Aling'oa waya. Risasi hazikukoma. Plasta ikamrukia usoni, akalala sakafuni amejifunika kichwa, hadi ikabaki kengele peke yake, nayo ikanyamaza.

Alipofungua pazia, ukuta ulikuwa na matundu sita. Hamdia hakulia. Alitoa sandukuni shati la Galgalo aliloletewa kutoka Gotu, akalibandika ukutani kwa viganja. Kila tundu la shati likakaa juu ya tundu la ukuta. Kisha kitambaa kikaanza kulowa damu.