Mawe Meupe na Mawe Meusi ya Kivukoni

Habari hii sikuiokota kilabuni. Ilimpata babu yangu mzaa baba, Matonya, na aliyenisimulia ni mkewe, bibi yangu Loisi, aliyekuwepo pale mtoni akaona kwa macho yake. Bibi kila alipofika katikati ya habari alirusha chochote alichoshika. Siku moja ulikuwa mwiko wa ugali, nusura unipate. Hasira hiyo nimeirithi, kwa hiyo mnivumilie.

Ulikuwa wakati wa Mjerumani, miaka michache kabla ya vita vyao vikubwa. Amri ilitoka kwamba kivuko cha Mto Ruaha pale Mtera kitandikwe mawe, ili mizigo ya serikali ipite bila kulowana. Wagogo wakakusanywa ng'ambo ya kaskazini, Wahehe ng'ambo ya kusini, kila upande upange mawe mpaka wakutane katikati. Hakuna aliyeulizwa kama ana shamba la kupalilia. Msimamizi alikuwa Mjerumani mmoja mwenye masikio mekundu kwa jua. Jina lake Bibi hakutaka kulitamka. Alimwita Masikio, nami namwita hivyo hivyo.

Sasa, waweke Wagogo na Wahehe mahali pamoja uone kama watafanya kazi kimya. Sisi ni watani. Zamani wazee wetu walipigana pale pale kivukoni, wakauana mpaka wakachoka, na waliobaki wakakubaliana kwamba vita viendelee kwa maneno tu. Tangu hapo mtani anaweza kukuita mwizi mbele ya wakwe zako. Anaweza kubeba jembe lako akaondoka nalo. Anakuja hata msibani kwako, analala kaburini kabla ya maiti, na hatoki mpaka alipwe kuku. Nawe unacheka, utake usitake. Sharti ni moja: mtani hakasiriki.

Adhuhuri, Masikio akiingia hemani kulala, vibarua walikusanyika kwenye mwamba mmoja bapa ulioko ukingoni. Hapo Matonya alipanga mawe meupe, ndio Wagogo. Silvano, Mhehe wa ng'ambo, alipanga mawe meusi. Waliyasimamisha wima, mistari miwili inayotazamana, na mbele ya kila jeshi alisimama mkubwa wake. Jiwe la Matonya lilikuwa jeupe lenye mshipa mwekundu. La Silvano lilikuwa jeusi, limevunjika pembe moja.

"Mbukwa, mtani," Matonya alisalimia kwa Kigogo chake. "Leo nikukumbushe mlivyokimbia mkaacha ngao. Mama zetu walizianikia mlenda."

"Kamwene," Silvano alijibu kwa Kihehe chake. "Ngao tuliwaachia kwa huruma. Si mlikuwa mmejificha chini ya matumbo ya ng'ombe?"

Watu walicheka mpaka wakakohoa. Bibi alikuwa akileta uji na mtoto wao wa kwanza, Ruthu, wa miaka mitatu. Silvano alimdaka yule mtoto akamweka mabegani. "Huyu mateka wangu," alisema. "Siku yoyote namvusha mto." Ruthu akishushwa alikwenda moja kwa moja kwenye mwamba na kuyapiga mawe teke, meupe na meusi, mpaka yote yakalala. Kisha alipiga makofi. Ikawa ndiyo desturi: vita haviishi mpaka Ruthu aje aviangushe.

Kisha Ruthu akashikwa na homa.

Wamisionari wa Mvumi walikuwa na dawa, lakini Mvumi ni mwendo wa siku tatu kwa mtu aliyebeba mgonjwa. Matonya akamwendea Masikio kuomba ruhusa. Alivua kilemba, akapiga magoti mchangani, mtu mzima yule. Masikio hakuacha hata kula. Alisema kwamba kila Mgogo ana mtoto mgonjwa siku ya kazi. Matonya aliporudia ombi lake, askari wakamlaza chini, akapigwa hamsa ishirini. Viboko ishirini na tano kwa kosa la kuwa baba. Hapa ndipo mwiko uliporuka.

Siku ya nne Ruthu alifariki.

Walimchimbia kaburi nyuma ya tembe yao, karibu na mto. Wahehe wakavuka kuja kuzika, na Silvano mbele yao, maana ndiyo kazi ya mtani. Watu waliposogea na mwili, Silvano akaruka akalala shimoni. Shimo lilikuwa dogo. Miguu yake ilibaki nje.

"Sitoki!" alipaza sauti. "Huyu ni mateka wangu, na Wahehe hatuibiwi mateka! Leteni kuku!"

Bibi aliyaona macho yake. Yalikuwa yamejaa machozi, yakimtiririka hadi masikioni. Alikuwa akifanya linalompasa mtani, kumpa mfiwa nafasi ya kupumua. Kuku alikuwa tayari, kafungwa miguu. Kilichokosekana ni Matonya kucheka, au hata kuguna tu.

Matonya alimshika miguu akamburuta nje. Akachukua mpini wa jembe akampiga nao mgongoni, mara moja, mara mbili, mahali pale pale ambapo yeye mwenyewe alikuwa na vidonda. "Wewe si mtani wangu," alisema. "Wewe ni adui. Nyie wote ni maadui."

Silvano akainuka taratibu, akanong'ona, "Matonya. Lirudishe neno hilo. Lirudishe kabla hatujavuka."

Hakulirudisha. Mnaona ujinga? Aliyemuua mtoto wake alikuwa hemani anakula nyama ya makopo, naye mpini akaushusha kwa mtu pekee aliyekuja kulia naye. Babu yangu alikuwa mtu mwema. Lakini siku ile alikosea, nami sitamfichia kosa lake kwa sababu ni babu.

Kesho yake, jua likiwa utosini, vibarua walikwenda kwenye mwamba kupumzika. Tangu Ruthu augue hakuna aliyegusa yale mawe. Mara ya mwisho aliyaacha yote yamelala.

Yalikuwa yamesimama.

Mistari miwili, imenyooka, inatazamana. Kila mtu alimtazama mwenzake. Hakuna aliyekiri kuyapanga. Kwenye mchanga, kutoka majini hadi mwambani, kulikuwa na nyayo za watu wazima, nyingi, zimelowa. Zote zilitoka mtoni. Hakuna hata moja iliyorudi.

Wakiwa bado wanatazama, jiwe moja jeusi likaanguka. Upepo haukuwepo. Ng'ambo ya pili mtu akapiga yowe. Kijana mmoja wa Kihehe alikuwa amelala chali, macho wazi, bila jeraha. Walipomfungua mdomo ulikuwa umejaa mchanga. Mchanga mkavu.

Masikio akasema ni jua, na watu warudi kazini.

Siku ya pili likaanguka jeupe. Akafa Mgogo. Siku ya tatu jeusi. Siku ya nne jeupe. Kwenye matete kulisikika ngozi zikipigwa, kama ngao zinagongwa kwa mikuki, mchana kweupe, na ukisogea zinanyamaza. Walijaribu kuyatupa mawe mtoni. Kesho yake yalikuwa mahali pake, yamelowa. Walijaribu kutoroka. Askari wakawarudisha kwa kamba shingoni. Na kila siku mistari ile ilikaribiana zaidi. Mbele kabisa, jiwe la mshipa mwekundu na jiwe lililovunjika pembe yalibakiza shubiri moja tu kukutana.

Silvano akavuka peke yake, asubuhi, hadi mlangoni kwa Matonya. Bibi alikuwa ndani, akawasikia.

"Mtani."

Matonya akaja akasimama mlangoni.

"Mtani, nicheke. Nitukane. Sema tulikimbia."

"Siwezi," Matonya alisema.

"Sema tu. Neno lako limeamsha vita vya wazee, navyo vinataka kicheko. Vimekwishakula wanne."

"Nikifungua mdomo wangu, Silvano, hakitoki kicheko."

Bibi akatoka, akapiga magoti kati yao. Akamwambia mumewe, "Baba Ruthu, hasira yako ina mwenyewe. Mpelekee mwenyewe. Huyu mwache." Matonya akafungua mdomo. Alijaribu kweli, Bibi aliapa kwamba alijaribu. Ikatoka sauti ambayo Bibi hakuwahi kuisikia kwa mwanamume, na haikuwa kicheko. Silvano akamgusa bega, akarudi mtoni kufanya kazi, maana filimbi ilikuwa imelia.

Adhuhuri alikuwa amesimama katikati ya mto, maji magotini, jiwe kubwa mikononi. Akasita. Akatazama ng'ambo ya Wagogo, mahali pasipo na mtu. Akatabasamu kama anayemwona anayemjua.

"Mlikimbia nyie," alisema.

Akaanguka. Matonya ndiye aliyefika kwanza akamtoa majini. Nguo zilikuwa zinachuruzika. Mdomo ulikuwa umejaa mchanga mkavu.

Walimzika kwao, ng'ambo ya kusini, na Masikio hakumruhusu Matonya kuondoka mpaka mawe ya siku ile yaishe kupangwa. Alipofika, mwili ulikuwa umekwisha kushushwa. Mtani hulala kaburini kabla ya maiti, si baadaye. Wahehe walimtazama wakiwa na mikuki mikononi. Hakuuliza ruhusa. Akashuka, akajilaza ubavuni mwa Silvano.

"Sitoki," alisema. "Wahehe mlikimbia! Mliacha ngao, tukaanikia mlenda! Leteni kuku!"

Kisha mjane wa Silvano akacheka. Alicheka huku analia, akaenda mwenyewe kumkamata kuku, akamrusha shimoni.

Matonya alipotoka alivuka mto pamoja na mkewe. Walipofika nyumbani ndipo alipomnong'oneza mkewe.

"Alisogea."

"Nani?"

"Silvano. Shimo lilikuwa jembamba. Nilipolala, alisogea kunipa nafasi."

Baada ya hapo hakufa mtu. Kivuko kikamalizika. Masikio akapewa pongezi, akapanda cheo, akarudi kwao amenenepa. Hakuguswa hata na mbu. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Wafu wale wa vita vya zamani walikuwa na nguvu ya kujaza watu mchanga midomoni, lakini kwenye mwamba hakukuwa na jiwe la Masikio. Wazee wetu walipopanga vita vyao hawakumpangia nafasi, na wafu hupiga tu wanaopangiwa. Bibi alikufa akilisema hilo hilo: "Tulimsahau yule kwenye mawe."

Baadaye likajengwa bwawa, na mwamba, kivuko na makaburi yote mawili yakaenda chini ya maji. Nilidhani yamekwisha. Kisha ukaja ule mwaka wa ukame, umeme wa mgawo nchi nzima, bwawa likanywea. Halfani, mvuvi wa Kihehe anayeniuzia samaki, akanipigia simu.

"Shikamoo mama wa Kigogo uliyekimbia vitani," alisema.

"Marahaba, mwacha ngao."

Akacheka. Kisha akashusha sauti. "Kuna mwamba umetokea. Una mawe juu. Mimi siendi peke yangu."

Tulikwenda saa nne asubuhi, jua kali, tope limepasuka. Mwamba ulikuwa pale, bapa, na mawe juu yake. Mengi yalikuwa wima, mistari miwili, yanatazamana, baada ya maji ya miaka yote ile kupita juu yake. Machache yalikuwa yamelala. Kati ya yaliyolala, mbele kabisa, lilikuwa jeusi lililovunjika pembe. Lile jeupe lenye mshipa mwekundu lilikuwa limelala pembeni yake, yamegusana.

Nilikuwa nimebeba jiwe mkobani. Jiwe jekundu, nililichagua mwenyewe njiani kwa rangi ya masikio. Nikalisimamisha katikati, baina ya majeshi mawili.

"Huyu ndiye," nikawaambia. "Mlimsahau. Hasira ile, mwenyewe ndiye huyu."

Halfani akanong'ona, "Mama, tuondoke." Tukaondoka.

Nilikuwa nimepanga kwenda zangu Dodoma siku ile. Sikwenda. Asubuhi iliyofuata nilimburuta Halfani tukarudi. Tope lilikuwa na nyayo zetu za jana, na nyingine, nyingi sana, zinazotoka majini. Juu ya mwamba hakukuwa na mistari tena. Mawe meupe na meusi yalikuwa yamechanganyika, yameunda duara moja, yote wima, hata yale yaliyokuwa yamelala. La mshipa mwekundu na la pembe iliyovunjika yalisimama bega kwa bega.

Katikati ya duara, jiwe langu jekundu lilikuwa limeanguka. Pembeni yake, kwenye mwamba mkavu, jua likiwa limekwisha kupanda, palikuwa na alama moja ambayo ilikuwa bado haijakauka. Unyayo wa mtoto wa miaka mitatu.

Halfani alikimbia. Alinitania kwa kukimbia miaka yote, na siku ile alikimbia mpaka barabarani. Mimi nilipiga magoti. Nikalishika jiwe la Masikio, nikalisimamisha vizuri, mahali pale pale.

"Haya, Ruthu," nikasema. "Mpige tena."